Namba 215 Yuko Wapi?

Barua ya wazi kwa waandaaji wa mbio za milimani, misituni na hifadhini Afrika Mashariki

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mamlaka ya Mawasiliano Kenya (CA), vyama vya riadha, vyama vya redio za ridhaa

Ndugu waandaaji,

YAH: WAENDESHA REDIO ZA RIDHAA KATIKA VITUO VYA NJIANI

Barua hii imeandikwa na mpenzi wa mbio ndefu ambaye pia hufuatilia mawasiliano ya redio, na inawahusu ninyi mnaochora njia za kilomita 30, 50 au 100 kupita mahali ambapo barabara haifiki. Kazi yenu ni njema. Mmewatoa watu mijini mkawapeleka kuiona milima na misitu yao kwa miguu yao wenyewe. Ndiyo maana jambo hili linaletwa kwenu kwa heshima, na kwa haraka pia. Matukio mawili yanaonyesha sababu.

Mwishoni mwa Oktoba 2008, watu wapatao 2,500 waliingia milima ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwa mashindano ya siku mbili yaitwayo Original Mountain Marathon. Mvua ilinyesha bila kukatika, upepo ukawa dhoruba, vijito vikafurika, na waandaaji wakasimamisha mashindano siku hiyohiyo ya kwanza. Kufikia jioni vyombo vya habari vilikuwa vikitangaza kwamba watu wapatao 1,700 hawajulikani walipo. Kulipokucha ikadhihirika kuwa karibu wote wako salama. Wengine walikuwa wamejihifadhi kwenye mabanda ya wakulima, mamia kwenye machimbo ya mawe ya Honister, na wengine walilala kwenye mahema waliyobeba mgongoni kama kanuni za mashindano zilivyowataka. Hakufa hata mmoja.

Kilichokosekana usiku ule ni orodha: karatasi moja yenye kuonyesha nani amepita wapi na saa ngapi. Kwa kuikosa, familia zilikesha kwa hofu na waokoaji wakaingia kwenye dhoruba kutafuta watu ambao hawakuwa wamepotea.

Mkoani Gansu, nchini China, mambo hayakuishia kwenye hofu. Tarehe 22 Mei 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la Msitu wa Mawe wa Mto Manjano, karibu na mji wa Baiyin. Kabla ya mchana hali ya hewa ikageuka ghafla: upepo mkali, mvua ya barafu, baridi iliyopenya mifupa. Wengi walikuwa na nguo nyepesi tu, kwa kuwa koti la kuzuia upepo halikuwamo katika orodha ya vifaa vya lazima. Kati ya kituo cha pili na cha tatu walipaswa kupanda takriban mita 1,000 ndani ya kilomita 8, kwenye mwinuko usiofikika kwa gari, na kituo chenyewe cha tatu hakikuwa na chakula wala kinywaji. Watu 21 walikufa kwa baridi.

Wakimbiaji wale walibeba vifaa vya kuonyesha mahali walipo, vyenye kitufe cha kuomba msaada. Mmoja wa walionusurika alieleza kwamba alikibonyeza kabla hajapoteza fahamu. Aliyemfikia alikuwa mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, ambaye alikuwa amejikinga kwenye pango na siku ile akaokoa watu sita. Redio peke yake isingezuia baridi ile. Lakini mtu mwenye redio, akiwa ameketi kule juu, angeweza kusema saa ileile kwamba kumechafuka, na mwenzake wa kituo cha pili akafunga njia kabla makumi ya watu hawajaanza kupanda.

Ombi la barua hii ni moja: wekeni mwendesha redio ya ridhaa mwenye leseni katika kila kituo cha njiani, na mpeni kazi ya kuhesabu watu.

Kwa wasiowafahamu, hawa ni raia wa kawaida: walimu, mafundi, wahandisi, wanafunzi, wastaafu. Wamefanya mtihani, wakapewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao pamoja na ishara ya mwito inayowatambulisha hewani. Ishara za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q. Huduma yao inatambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), na Kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio za umoja huo kinazihimiza nchi wanachama kuwawezesha kujiandaa kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Hawalipwi. Wanachopenda ni kufanikisha mawasiliano pale yanaposhindikana.

Hapo ndipo wanapotofautiana na kijana aliyekabidhiwa redio koli ya kukodi asubuhi ya mbio. Mwendesha redio mzoefu anajua kwamba redio ya mkononi ya wati 5, kwenye masafa ya MHz 144 hadi 146, husikika vizuri pale ambapo hakuna mlima katikati, kwa hiyo atapanda kwenye kilele siku moja kabla na kufunga ripita inayopokea sauti kutoka bonde moja na kuirusha bonde la pili. Penye makorongo ambako hata hilo halisaidii, atatandika antena ya waya karibu na ardhi na kutumia masafa ya MHz 7: mawimbi hupanda karibu wima, yakagonga tabaka la ionosfea, kisha yakashuka upande wa pili wa mlima bila kuhitaji mnara wowote. Anabeba betri yake, fyuzi za akiba na turubai. Akisikia kituo jirani hakisikiki na kituo kikuu, atapokea ujumbe wao na kuupeleka bila kusubiri kuambiwa.

Mbio za masafa marefu na redio hizi zina historia ndefu ya pamoja. Mwaka 1984 mhandisi wa Marekani, Bob Bruninga, mwenye ishara ya mwito WB4APR, alitumia kompyuta ndogo ya nyumbani aina ya VIC-20 kuripoti mahali walipo farasi na hali zao katika mashindano ya ustahimilivu ya maili 100, yaani kilomita 160. Mfumo ule uliendelea kukua mikononi mwake hadi ukajulikana kama APRS. Kijisanduku chenye GPS hurusha taarifa fupi ya mahali kilipo, vituo vya njiani huipokea na kuirusha tena, na kwenye ramani ya kituo kikuu inatokea alama inayosogea. Leo mfumo huo unatumika mabara yote. Hata Kituo cha Kimataifa cha Anga kinachoizunguka dunia kimebeba kirudishi chake, kwenye MHz 145.825. Bruninga alifariki mwaka 2022.

California nako farasi walitangulia na watu wakafuata. Mbio za farasi za Tevis Cup zilianzishwa mwaka 1955, kupita milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, maili 100 ndani ya siku moja. Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh aliikimbia njia ile kwa miguu yake katika mashindano yaleyale ya farasi na kumaliza kwa saa 23 na dakika 42. Kutokana na tendo hilo zikazaliwa mbio za Western States, ambazo ni miongoni mwa mbio za njiani zinazoheshimika zaidi duniani. Njia yake inashuka kwenye makorongo yenye joto kali ambako simu haina kazi, na hadi leo waendesha redio za ridhaa huketi kwenye vituo vyake, mchana na usiku, wakisoma namba moja baada ya nyingine.

Inafaa kuona kwa karibu jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Tuseme ni kituo cha nne, kilomita ya 31. Chini ya turubai kuna meza moja, redio, betri ya gari, na daftari lililopigwa mistari: namba, saa ya kufika, saa ya kuondoka, maelezo. Penseli ni mbili, kwa kuwa wino hugoma kwenye karatasi iliyolowa. Antena imefungwa kwenye mti mrefu wa mwanzi na kuinuliwa juu ya matawi. Skauti mmoja amesimama hatua 20 mbele, akisoma namba za vifuani kwa sauti, mwenzake anaandika. Mwenye leseni ndiye anayeongea hewani, kila baada ya robo saa au pakiwa na dharura.

“Kituo kikuu, kituo cha nne.”

“Kituo cha nne, endelea.”

“Waliopita: moja-moja-mbili, saa 11:33. Sifuri-nane-saba, saa 11:36. Mbili-moja-sita, narudia mbili-moja-sita, saa 11:41. Aliyejiondoa: sifuri-nne-sita, narudia sifuri-nne-sita, kifundo cha mguu, yuko hapa, anasubiri usafiri. Ovaa.”

Namba husomwa tarakimu moja moja, na sita na tisa hurudiwa, kwa sababu redio inapokwaruza hukaribiana mno masikioni. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Hili si dogo katika mbio zenye wageni wengi: mtu wa kujitolea kutoka Moshi akiandika “saa 5:33” akiwa na maana ya kabla ya adhuhuri, na mwenzake wa kituo kinachofuata akafuata saa ya kizungu, orodha nzima inapotoka kwa saa sita.

Kwenye kituo kikuu kuna jedwali moja. Kila mstari ni namba ya mkimbiaji, kila safu ya kushuka ni kituo. Kila ripoti inajaza visanduku, na mwenye jedwali anatafuta kitu kimoja tu: kisanduku kilicho wazi pale ambapo majirani zake wote wamejazwa. Namba 214 amepita kituo cha nne. Namba 216, aliyekuwa nyuma, naye amepita. Namba 215 hayupo.

“Kituo cha tatu, thibitisha mbili-moja-tano.”

“Mbili-moja-tano ametoka hapa saa 10:12. Alikuwa anachechemea, akakataa kupumzika.”

Sasa utafutaji una mipaka. Badala ya kuwatuma waokoaji kwenye njia ya kilomita 60, kituo kikuu kinajua kwamba mtu wao yuko kati ya kilomita ya 24 na ya 31, kwamba ana maumivu ya mguu, na kwamba amechelewa kwa kiasi fulani. Wanatumwa wawili kutoka kituo cha tatu na wawili kutoka cha nne, wakutane katikati. Mara nyingi mtu hukutwa ameketi kwenye jiwe akijikanda mguu. Siku nyingine hukutwa ameteleza korongoni, na dakika 40 zilizookolewa na lile jedwali ndizo zinazoamua kama atafika hospitali akiwa hai.

Jioni jedwali linafanya kazi ya mwisho, ambayo waandaaji wengi huisahau. Waliomaliza, ukijumlisha na waliojiondoa, lazima walingane na walioanza. Kama walianza 300, wakamaliza 268 na 31 wakajiondoa, mmoja hajulikani alipo na hakuna anayeondoka. Kila aliyewahi kuandaa mbio anamjua mkimbiaji aliyechoka, akapanda bodaboda, akaenda kulala hotelini bila kumwambia mtu. Mwenye redio wa kituo alichoishia ndiye wa kumkumbusha aache namba yake.

Vile vijisanduku vya APRS navyo vina nafasi yao. Ulaya na Afrika huvitumia kwenye MHz 144.800, na taarifa zote hupita kwenye masafa hayo mamoja kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde. Mkivitundika kwa wakimbiaji 300, vitapigana vikumbo hewani na kuzibana taarifa zenyewe. Vifungeni kwa wachache ambao mahali walipo panaamua mengine yote: pikipiki ya kuongoza, gari la wagonjwa, daktari anayezunguka, na wale wawili wanaotembea mkiani kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Mwenye jedwali akimwona wa mkiani amepita kituo cha sita huku kisanduku cha namba fulani kikiwa wazi, anajua kuna mtu ametoka nje ya njia.

Kuna pingamizi nne ambazo zinastahili majibu.

Ya kwanza ni simu. Wapo watakaosema zama za redio zimepita, na wana hoja: mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ni hatua ya kujivunia. Lakini minara hufuata watu, na mbio zenu huwapeleka watu mahali pasipo na watu. Hatua 200 tu kutoka ukingoni hadi ndani ya korongo zinatosha kuua mtandao. Tena hata mahali penye minara tele, simu huelemewa wakati ule inapohitajika zaidi. Boston ni jiji kubwa. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalipolipuka karibu na mstari wa kumalizia marathoni yake na kuua watu watatu, wakimbiaji zaidi ya 5,000 walikuwa bado njiani, na mitandao ya simu ikazidiwa kwa kuwa kila mtu alikuwa akimpigia mwenzake. Waendesha redio za ridhaa zaidi ya 200 walikuwa kwenye nafasi zao tangu asubuhi. Hawakuhitaji kuitwa wala kutafutiwa vifaa. Masafa yao yalibaki wazi, na taarifa za wakimbiaji waliosimamishwa barabarani zikaendelea kupita.

Ya pili ni vifaa vya setilaiti. Vinafaa, na mbio zenye uwezo ziendelee kuvitumia. Vinadai ada, vinadai anga iliyo wazi juu ya kichwa, na Gansu imeonyesha kwamba kitufe kikibonyezwa lazima awepo mtu wa karibu mwenye uwezo wa kwenda. Mwendesha redio ndiye huyo mtu wa karibu. Anaweza kuulizwa swali naye akajibu: anaongea? anatetemeka? ana koti?

Ya tatu ni askari wa wanyamapori na redio zao. Mbio za Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, zimekimbiwa ndani ya hifadhi tangu mwaka 2000, na usalama wa wakimbiaji dhidi ya wanyama husimamiwa na askari wenye silaha pamoja na ndege zinazotazama kutoka juu. Huo ni mfano mzuri wa maandalizi. Hata hivyo, redio za askari ni za kazi ya askari. Faru akisogelea njia, masafa yale hayapaswi kuwa yameshikwa na mtu anayesoma orodha ya namba 40. Kuhesabu wakimbiaji kunahitaji masafa yake na watu wake.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: waendesha redio wenye leseni katika nchi zetu ni wachache. Ni kweli, na hawatoshi kujaza kila kituo cha kila mbio mwaka huu. Anzeni na vituo vitatu: cha juu kabisa, cha mbali kabisa na barabara, na mstari wa kumalizia. Kazi ya kusoma namba na kuandika haihitaji leseni, kwa hiyo mwenye leseni mmoja akizungukwa na vijana wanne anaweza kuendesha kituo kikubwa. Vijana hao wapo. Skauti duniani wamekuwa wakikutana hewani kila mwaka kupitia redio za ridhaa, katika jambori iliyoanza mwaka 1958, na vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa elektroniki na mawasiliano wanaotafuta mahali pa kuyatumia waliyosoma darasani. Kijana aliyekaa siku nzima kwenye kituo cha nne, akasikia jina la kituo chake likiitwa kutoka upande wa pili wa mlima, ana sababu ya kwenda kufanya mtihani wa leseni.

Faida haibaki kwenye michezo. Uingereza ina mtandao wa kujitolea uitwao RAYNET, ulioundwa mwaka 1953 baada ya mafuriko makubwa ya pwani ya mashariki kukata mawasiliano. Wanachama wake husaidia matukio ya jamii yanayofanyika nje, zikiwemo mbio na matembezi, na kwao hayo ni mazoezi: kuamka alfajiri, kufunga antena kwenye mvua, kupitisha ujumbe mrefu bila kukosea tarakimu, kuvumilia zamu ya saa 12. Maafa yakija, watu wamekwishazoeana sauti.

Na kwetu maafa huja. Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliteremka hadi Katesh mkoani Manyara na kuua makumi ya watu. Aprili 2024 maji yalifagia vijiji karibu na Mai Mahiu nchini Kenya. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za kanda hii kwa wakati mmoja. Katika kila tukio la namna hii kuna saa za mwanzo ambapo swali ni lilelile linaloulizwa kwenye mbio: nani yuko wapi, nani ameonekana, nani bado. Watu waliojifunza kulijibu kwa wakimbiaji 300 wataweza kulijibu kwa kijiji.

Zipo kanuni za kuheshimu, na ni vizuri mzijue mapema. Mwendesha redio ya ridhaa halipwi kwa kurusha. Mnaweza kumpa usafiri, chakula, koti la mvua na mahali pa kulala, lakini si ujira. Masafa yake hayatumiki kwa biashara, kwa hiyo asiombwe kutangaza wadhamini wala kuagiza soda za kituo cha maji. Mawasiliano yake hayafichwi kwa msimbo, maana yake kila mwenye redio anaweza kusikiliza. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutajwa kwa namba yake, kamwe si kwa jina, na taarifa za kitabibu huishia pale daktari anapohitaji ili aamue. Jamaa wa mkimbiaji wasijue habari za ndugu yao kutoka hewani kabla hamjawapigia simu.

Baada ya maelezo hayo, barua hii inaomba yafuatayo.

Waandaaji, kabla hamjafungua usajili wa msimu ujao, mkabidhini mwendesha redio ramani ya njia yenu, aitembee, na awaambie ni vituo vipi simu haishiki na ni kilele kipi kinafaa kwa ripita. Mwekeni kwenye kamati ya usalama pamoja na daktari, na mpeni mamlaka ya kuomba mbio zisimamishwe. Chapisheni namba za vifuani kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kwenye ukungu, na wekeni kwenye masharti ya usajili kwamba anayejiondoa bila kutoa taarifa kituoni hataandikishwa mwaka unaofuata.

TCRA, CA na mamlaka wenzenu wa Uganda, Rwanda na Burundi, chama cha redio kinapoomba kibali cha ripita ya muda kwa ajili ya mbio, au mwendesha redio kutoka nchi jirani anapoomba kuvuka mpaka na redio yake, jibu lifike kabla ya siku ya tukio. Mitihani ya leseni ifanyike pia karibu na milima ambako watu hawa wanahitajika: Moshi, Arusha, Nanyuki, Kasese. Mji wa Kasese tayari una mbio zake za Rwenzori tangu mwaka 2022, na Moshi ina Kilimanjaro Marathon tangu mwaka 2003. Wapo watu wa kujitolea wenye uzoefu ambao wangekaa mtihani huo kesho.

Vyama vya riadha, mnapotoa kibali cha mbio inayotoka nje ya barabara, ombeni kuona mpango wa kuhesabu wakimbiaji kama mnavyoomba kuona mpango wa gari la wagonjwa.

Na ninyi wenye leseni, msisubiri mwaliko. Waandaaji wengi hawajui kama mpo. Andikeni kwa kamati iliyo karibu nanyi, jitoleeni kituo kimoja tu mwaka huu, na baada ya mbio muwaonyeshe waandaaji jedwali lililojaa. Wakiona kwamba saa kumi na moja jioni mnaweza kuwatajia alipo kila mkimbiaji aliyeanza asubuhi, mwaka ujao watawatafuta wenyewe.

Mwandishi wa barua hii yuko tayari kukutana na kamati yoyote itakayotaka kujaribu, kwa gharama zake mwenyewe, akiwa na daftari, penseli na fomu za jedwali zilizokwishapigwa mistari.

Wenu katika kuendeleza michezo,

Mpenzi wa mbio za milimani na mawasiliano ya redio